Hifadhidata Isiyotajwa

Fundi wa kompyuta wa hospitali aliandika amri ya kufuta rekodi zote za wagonjwa wa majaribio, wale wa kubuni, akabonyeza kitufe. Hakutaja hifadhidata. Kompyuta isipotajiwa hufuata kigezo cha mazingira, yaani jina la hifadhidata lililohifadhiwa ndani yake, na kigezo hicho alikiweka mwenyewe juzi kwa haraka, akakisahau.

Alipokitazama, kilielekeza kwenye hifadhidata ya wagonjwa halisi.

Kidole kilikuwa bado juu ya kitufe, ukucha umekuwa mweupe kwa kukandamiza. Hakuweza kukiondoa.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi.

"Kaka, skrini yangu tupu. Nina mama hapa anavuja damu, nataka kundi lake la damu."

"Kurudisha nakala ya jana ni saa nzima, dada."

"Saa nzima hana huyu. Nakumbuka ni kundi A. Ni mtandao tu unasumbua, sivyo?"

Neno moja tu, "ndiyo", lingemwokoa fundi.

"Si mtandao. Nimefuta mimi, majina yote. Usimwongezee damu ya kukumbuka. Mpimeni upya."

Muuguzi aliweka simu mezani bila kuikata, na fundi akasikia viatu vyake vikikimbia.