Kalamu ya Bluu

Mashine ilikuwa na kalamu mbili, na joto la kupima lilikuwa moja. Hilo lilimkera Nicodemus Ogola tangu asubuhi ile ya Jumatatu.

"Nyekundu inachora joto," Wamalwa alimweleza, akibandika karatasi ya duara kwenye mashine mle ofisini.

"Na ya bluu?"

"Hiyo utaijua Jumamosi, mzee," kijana akasema, akacheka.

Mzee! Ogola alikuwa na miaka arobaini na sita, na kumi na sita kati yake aliimaliza kiwandani hapo Nakuru. Kila saa ilipogonga alifungua mlango wa chumba cha kukaushia ngano kwa ufunguo aliouning'iniza shingoni, akamulika kipimajoto kwa tochi, akaandika kitabuni. Ngano ya mbegu ilitoka Mau Narok ikiwa mbichi. Joto likizidi, mbegu inakufa. Likipungua, inashika ukungu. Mwezi wa tano Kipketer wa zamu ya usiku alifutwa kazi kwa sababu alikuwa akikaa jikoni na kuandika namba za zamu nzima kabla hata chai haijachemka. Ogola hakuwahi kupika namba hata moja. Hicho ndicho kiburi chake, na hakukificha.

Sasa namba zilikuwa zinajiandika zenyewe. Wamalwa, aliyemaliza chuo cha ufundi majuzi tu, aliazima ufunguo siku moja, akapenyeza kijiti cha shaba cha kupima joto kwenye tundu la ukuta wa chumba kile, akafunga pia kitufe kidogo kwenye fremu ya mlango, kisha akavuta waya mpaka ofisini. Ogola alidhani kitufe ni cha kuzuia mlango usijibamize. Kila asubuhi kijana alibadilisha karatasi, akajaza saa ya mashine ufunguo, akatia wino, na watu wakaacha kazi kuja kumtazama. Siku ya pili Bwana Mahesh, mwenye kiwanda, alimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Miaka kumi na sita, na Ogola hakuwahi kuonjeshwa chai ile. Roho ilimuuma hadi akashindwa kula chakula cha mchana.

Nyumbani mambo hayakuwa afadhali. "Yule kijana ana adabu kweli," mkewe Milcah alisema. "Amenibebea mtungi mpaka mlangoni."

"Ana adabu ya paka," Ogola akajibu, akazima taa.

Bwana Mahesh alikuwa ameshatoa neno lake. "Wiki moja, Ogola. Tutalinganisha karatasi na kitabu. Jumamosi nitaamua." Ogola hakuhitaji kuambiwa kitakachoamuliwa. Kazi ikienda, na nyumba ya kiwanda inakwenda, na watoto wanne watarudi kijijini kwao, magharibi mwa nchi, bila shule.

Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, kila mtu akiwa kantini, alirudi kwenye chumba cha kukaushia peke yake. Akafungua, kutoka ndani akakisukuma kile kijiti cha shaba tunduni mpaka nje ya ukuta, akakiacha kikining'inia kwenye baridi. Moyo ulimdunda kama wa mwizi, lakini ulidunda kwa raha. Saa nane na saa tisa alisoma kipimajoto chake kama kawaida, akaandika ukweli mtupu. Saa kumi akakirudisha kijiti mahali pake.

Jioni alipita ofisini kuangalia. Kalamu nyekundu ilikuwa imeporomoka karibu digrii arobaini, kisha ikapanda tena. Ile ya bluu, kwenye ukingo wa karatasi, ilikuwa imechora mstari wenye vijino vidogo vidogo.

"Mashine gani hii," akajisemea. "Hata mstari ulionyooka haiwezi, inatetemeka." Siku hiyo alikula sahani mbili.

Jumamosi waliitwa wote wawili. Karatasi zilitandazwa mezani, na kitabu cha Ogola kando yake. Bwana Mahesh aliweka kidole kwenye ile nyekundu ya Alhamisi.

"Hapa imekosea. Kitabu kinasema Farenhaiti mia na nane, mashine inasema sabini."

"Mimi nilisoma kwa macho yangu, Bwana," Ogola akasema, akimtupia Wamalwa jicho la pembeni. Kijana hakuonekana kuumia hata kidogo.

"Itatengenezwa," Bwana Mahesh akasema. "Nyekundu si shida yangu leo. Tangu mambo ya Kipketer, mimi nilisema wasomaji wote ni wale wale, wanapika. Nilitaka kukufuta, Ogola. Huyu ndiye alikataa."

Ogola akageuka kumtazama Wamalwa.

"Nilisema mzee huyu anaenda kweli kila saa," Wamalwa akasema kwa haya. "Bwana hakuamini. Nikaomba nifunge ile ya bluu kwenye mlango. Mlango ukifunguka, inachora jino. Na ufunguo ni wako peke yako."

"Kama meno yote yako sawa na kitabu," Bwana Mahesh akasema, "mashine na chumba vyote ni vyako, na mshahara wa msimamizi. Huyu atakufundisha. Soma, Wamalwa."

Wamalwa akasoma. Jumatatu yote ilikuwa sawa, Jumanne sawa, Jumatano sawa. Bwana Mahesh alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha, na tayari alikuwa ameomba chai, vikombe vitatu. Ogola alikuwa akiitazama karatasi iliyofuata tu.

Wamalwa akavuta karatasi ya Alhamisi, akamtabasamia, akaendelea kwa sauti ile ile ya kujivunia:

"Saa tano, iko. Saa sita, iko. Saa saba, iko. Saa saba na dakika ishirini..."