Penalti Isiyorudiwa

Mashine ilicheza fainali ya soka ya wilaya mara elfu kumi, kama sheria inavyotaka, ikibahatisha kila pasi na kila shuti; timu iliyoshinda mara nyingi zaidi ndiyo hupewa kombe, bila mchezaji kugusa mpira. Safari hii timu zote mbili zilishinda mara sawasawa, basi ikabidi wasichana wenyewe waingie uwanjani.

Kitwana, fundi wa kuchomelea, alifunga karakana akakimbia. Binti yake Zawena alikuwa golikipa, na hakuna mtu aliyewahi kumwona akidaka mechi ya kweli, hata baba yake.

Dakika zote zikaisha bila bao, wakaingia penalti. Ikabaki moja: Zawena akiizuia, kombe lao.

“Tulieni, huyo ni mwanangu!” Kitwana aliwapigia kelele majirani.

“Tumetulia, baba Zawena! Magoti yanayogongana ni yako!” mama muuza vitumbua akamjibu, watu wakaangua kicheko.

Mpigaji akakimbia, akaachia shuti. Zawena akaruka, akaupangua mpira kwa ncha za vidole, ukatoka nje. Uwanja ukalipuka! Kitwana akaruka uzio, akambeba binti yake juu juu, akizunguka naye na kupayuka kama mwendawazimu.

“Baba, niteremshe,” Zawena alisema.

Alikuwa anatazama nyuma. Mpigaji bado alikuwa amesimama palepale kwenye alama, mikono kiunoni, akingoja aletewe mpira.

“Hajui kwamba hii hairudiwi kama zile za mashine,” Zawena alinong’ona. “Nani atamwambia?”

Kitwana akamteremsha taratibu.