Tela la Pili

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakianguka. Kwenye kizuizi cha kuingilia mjini, askari Nyamizi alisimamisha basi dogo lililogeuzwa nyumba. Lilikuwa likivuta matela mawili, moja nyuma ya jingine.

"Baba, hili gari au treni?"

"Nyumba, afande," alijibu Kalumuna, dereva wa basi hilo. "Tela la kwanza ni jiko na maji. La nyuma ni cherehani za mke wangu."

"Sheria ni tela moja. Na mkia wote huu, nani anakuangalizia?"

"Alikuwa yeye. Kila kona alikuwa akichungulia kwenye dirisha la nyuma na kupaza sauti, 'Umenyooka, baba Koku!' Tulimzika mwezi uliopita."

Nyamizi alishusha sauti. "Pole sana, baba. Lakini moja litabaki hapa, na huenda usilikute tena."

Kalumuna alizunguka nyuma, akasimama kati ya matela mpaka shati likalowa. Kisha alifungua minyororo ya tela la jiko.

"Sasa utapikia wapi?"

"Sijawahi kupika, afande."

Walilisukuma jiko kando, Nyamizi akaweka mawe chini ya magurudumu yake, akainua kizuizi. Kalumuna alifunga tela la cherehani kwenye basi, akaingia mjini kutafuta sahani moja ya wali.