Mlinzi wa Kucha Nne

Baltasar Quesada alizungusha ufunguo mara mbili, akausukuma mlango kwa bega kuhakikisha, kisha akautumbukiza ufunguo ndani ya soksi yake. Nyuma ya mlango huo alikuwa amemfungia binti yake Casilda, pamoja na gitaa, kiti na chupa ya maji.

"Safari hii huyo hasidi atagonga mwamba," alijisemea, gitaa likianza kulia ndani.

Ilikuwa saa kumi na nusu alasiri. Saa kumi na mbili Casilda angepanda jukwaani kwenye fainali ya mashindano ya gitaa katika ukumbi huo huo, mjini Cuenca, Hispania. Alifika fainali hiyo mara mbili kabla, na mara zote mbili kiti chake kilibaki kitupu. Kanuni ziliruhusu kujaribu mara tatu tu.

Wapiga gitaa la klasiki hufuga kucha nne za mkono wa kulia. Ndizo zinazogusa nyuzi, ndizo sauti yao. Ukikatika mmoja, unakaa miezi minne ukisubiri uote. Wapo wanaobandika za plastiki kwa gundi, lakini Baltasar alisema afadhali kupiga ndoo.

Mwaka juzi, asubuhi ya fainali, ukucha wa kidole cha kati cha Casilda ulivunjikia kwenye mlango wa teksi. Aliyeushika mlango huo alikuwa Nuño Arregui, mshindani kutoka Bilbao, kijana wa tabasamu nyingi. Mwaka jana Casilda aliamka usingizi wa mchana hotelini akakuta ukucha wa kidole cha pete haupo, umekatwa nadhifu. Chumba cha jirani kilikuwa cha Nuño. Baltasar hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Tangu siku hiyo akageuka mlinzi. Casilda hakufungua kopo, hakuosha kijiko, hakubeba mfuko wa mikate. Alivaa glavu hata mwezi wa Agosti, mji wao wa Jaén unapowaka kwa joto.

"Baltasar, huyo binti unamlea au unamhifadhi?" jirani mmoja alimtania.

Baltasar hakucheka. Alimkabidhi Casilda gitaa la kwanza akiwa na miaka minne, na sasa ana kumi na tisa: saa saba za mazoezi kwa siku, Jumapili na Krismasi humo humo. Mapumziko pekee ambayo Casilda aliwahi kuyapata ni ile miezi ya kuotesha ukucha, aliyokaa kwa bibi yake kule Motril, pwani. Mara ya kwanza alijifunza kuogelea. Mara ya pili alirudi amenenepa, anaimba jikoni, na ilimchukua Baltasar wiki tatu kumnyoosha tena.

Mshindi wa leo angepewa ziara ya maonyesho arobaini, mwaka mzima na zaidi. Baltasar alikwisha acha kazi yake ya kufundisha ili afuatane naye kila mji. Masanduku yao mawili yalikuwa tayari ndani ya gari.

Viatu vikalia kwenye korido. Alikuwa Nuño.

"Hapo hapo," Baltasar alisema. "Nionyeshe mikono."

Nuño akaiinua. "Mwalimu, siku hizi umehamia polisi?"

"Umefuata nini?"

"Kumtakia Casilda heri."

"Heri yako tunaijua. Mwaka jana ilikata ukucha."

Utani ukamtoka kijana. "Mwalimu, mara zote mbili binti yako hakupiga, na mara zote mbili bado nilishindwa. Ningemkata ili nipate nini? Halafu mchana ule mimi nilikuwa jukwaani nafanya mazoezi. Wewe mwenyewe ulikaa mstari wa mbele, umenikunjia uso saa nzima. Umesahau?"

Baltasar alikuwa amesahau. Hasira ilikuwa imemfutia kila kitu. Sasa akajiona amekaa pale, mikono kifuani, akimchunga huyu kijana asitoke, na ufunguo wa chumba cha Casilda ukiwa mfukoni mwake mwenyewe.

Kama si huyu, basi ni nani? Ndipo alipogundua kwamba gitaa lilikuwa limenyamaza kitambo. Alipiga goti, akahangaika na soksi, akaudondosha ufunguo, akauokota, akafungua.

Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Casilda alikuwa amekaa wima, mguu wa kushoto juu ya kibao, vile vile alivyofundishwa. Gitaa lilikuwa limefungiwa ndani ya kasha lake. Mapajani alikuwa ametandaza leso, na juu ya leso kulikuwa na vipande vitatu vyeupe.

"Mbona umewahi, baba," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mkasi. "Umebaki wa dole gumba."