Shina la Mama

Baada ya wiki tatu za ukungu na baridi, masuke ya mabingobingo, majani marefu ya kulishia ng'ombe, yaliingia kuvu yakawa meusi kama masizi. Sekela na mdogo wake walikwisha kuchoma shamba zima la malisho, isipokuwa shina moja, lile alilolipanda marehemu mama yao aliponunua ng'ombe wa kwanza.

"Ling'oe, dada," Ambakisye alisema. "Upepo ukianza, ugonjwa utafika kwa jirani."

"Mama alikuwa akilikata huku anaimba."

"Kwa sauti ile? Hata ng'ombe alikuwa akigeuza kichwa!"

Sekela alicheka, akashika jembe. Shina liling'oka na udongo wake, zito kama mtoto aliyelala. Alilipakata hadi motoni. Joto lilimpiga usoni, lakini mikono yake ilikuwa bado haijafunguka.