Sahihi Kumi za Kidonda cha Obonyo

"Rudia," alisema Sista Musimbi, na mguu wa Obonyo ukafunuliwa kwa mara ya tatu asubuhi hiyo.

Obonyo alikuwa kibarua wa mjengo kutoka Gatwekera. Alikuwa amekanyaga msumari, akaja kliniki ya Mashimoni kutafuta bandeji, si masomo. "Sista, hii kidonda ilishapona," alilalamika. "Ni nyinyi mnakataa iende."

"Nyamaza, baba. Kalondu, anza. Na useme kila hatua kwa sauti."

Kalondu akaanza, ameuma meno. Alikuwa ameosha vidonda miaka kumi na mitano, vingine vya kutisha, na hakuna hata kimoja kilichomdai hotuba. Lakini yeye alikuwa muuguzi wa cheti tu. Wasichana aliowafundisha kushika sindano walikuwa na diploma sasa, na walimtuma chai. Ndiyo sababu akajiandikisha kusoma kwa posta. Vijitabu vilikuja kila mwezi, akavisoma nyumbani Kawangware huku maharagwe yakiungua, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikwenda kituo cha mjini kuonana na walimu. Miaka miwili ikaisha hivyo. Kilichobaki ni sahihi kumi kwenye kitabu cha mazoezi, kila moja ya muuguzi aliyesajiliwa, aliyesimama akamwona akifanya kazi. Bila sahihi kumi hakuna mtihani. Bila mtihani, aendelee kuchemsha chai.

Na katika kliniki nzima, mwenye mshipi mwekundu wa waliosajiliwa alikuwa Musimbi peke yake. Alikuja pale mwaka wa tisini na nne akiwa tayari ameuvaa, na mtu akishauona mshipi ule haulizi mengine. Hata Daktari Murunga, mwenye kliniki, alimpisha mlangoni.

"Ya sita, natoa glavu chafu. Ya saba, nanawa tena. Ya nane..."

"Ngoja. Ya saba umesema nini?"

"Nanawa tena, Sista."

"Kwa nini?"

"Nisitoe uchafu kwa bandeji ya zamani nikaupeleka kwa kidonda."

Musimbi akatikisa kichwa taratibu, kalamu mdomoni. "Haya. Rudia kutoka ya tano. Polepole."

"Huyu mama hakupendi," Obonyo alinong'ona.

Kalondu naye aliamini hivyo hivyo. Ilikuwa roho mbaya tu. Nani angetaka mshipi wa pili kwenye kliniki ya vyumba viwili? Hata vijitabu vyake Musimbi alivichukua mara kwa mara, eti kuvikagua, akavirudisha vina madoa ya mchuzi.

Hatimaye Musimbi akatia sahihi, ya tisa. Kisha, kama kawaida yake, akatoa kitabu chake kilichofunikwa gazeti, akakikunja hadi ukaonekana mstari mmoja tu. "Na wewe weka yako hapa."

"Ya nini tena, Sista?"

"Ya stoo. Wanataka kujua bandeji zinaenda wapi."

Kalondu akaweka bila kusoma, kama alivyoweka nyingine zote. Angetia sahihi hata kwenye ukuta, mradi apate ya kumi.

Mtihani ulikuwa Jumatatu. Ijumaa Musimbi alimrudisha nyuma mara nne, na mara ya nne Kalondu akalia waziwazi, machozi yakadondoka karibu na trei safi. Obonyo akamwombea msamaha, kama vile yeye ndiye aliyekosa. Musimbi akatazama saa, akatia sahihi ya kumi, akapewa yake ya stoo.

"Mimi siko mpaka Jumanne," alisema akifunga mkoba. "Nazika shangazi."

"Pole sana, Sista. Wapi?"

"Thika."

Huyo alikuwa shangazi wa tano tangu Januari. Kwao Musimbi ni Vihiga, na watu wa huko hata ukifia Mombasa watachanga wakurudishe nyumbani. Mashangazi hawa wote walizikwa Thika, tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Lakini Kalondu alikuwa amekumbatia kitabu chenye sahihi kumi, na huo haukuwa wakati wa kumhoji mtu habari za marehemu wake.

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa kwenye foleni, katika ukumbi wa hospitali ulikofanyika mtihani. Karatasi iliyobandikwa mlangoni ilisema watahiniwa wa kituo cha Thika wamehamishiwa hapo kwa sababu kwao maji yamekatika. Wote walivaa nyeupe tupu. Mtu hafanyi mtihani akiwa na mshipi. Mbele kulikuwa na meza, na nyuma ya meza mtahini mwenye miwani, akikagua vitabu vya mazoezi mstari kwa mstari. Wawili walikuwa tayari wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya sahihi za kughushi.

Kalondu alikuwa na furaha, akakazana kupitia hatua zake kimoyomoyo. Ikamchukua muda kutambua kwamba mwanamke aliye mbele yake alikuwa akizipitia pia, kwa sauti ya chini, macho ameyafumba.

"Ya sita, natoa glavu chafu. Ya saba, nanawa tena."

Sauti hiyo aliijua.

"Kitabu," mtahini akamwambia yule mwanamke. Akapewa kimoja kilichofunikwa gazeti. Akakifungua, akapitisha kidole chini ukurasa mzima. "Sahihi kumi, zote za mtu mmoja. Huyu msimamizi wako ni nani?"

"Anaitwa Sista Kalondu," Musimbi akajibu bila kugeuka. "Amesajiliwa kitambo. Mkali sana, lakini anafundisha."

Mtahini akatabasamu, akagonga muhuri.

"Anayefuata. Leta kitabu, mama. Jina?"