Jipu la Mfalme Nyati

Kale huko, karibu wanyama wote wa Mfalme Nyati walisali wakiliinulia jua pua. Fuko, wachimba mashimo, walikuwa wachache na walisali wakiinamia udongo. Kwa hilo walipigwa miaka na miaka. Siku moja Nyati, si kwa huruma bali kwa kuchoshwa na kelele, akatangaza: "Kuanzia leo nawavumilia fuko."

Fuko wakashangilia. Bibi yao, Bi Mashavu, akanuna.

"Mfalme, kinachovumiliwa ni jipu. Sema ni haki yetu."

"Aa, bibi, hilo ni neno tu."

"Kama ni neno tu, kulibadili kunakuuma wapi?"

Nyati akageukia shauri jingine.

Bi Mashavu akarudi shimoni. "Acheni ngoma, chimbeni mlango wa nyuma."

"Bibi nawe! Si tumeshapewa amri?"

"Chimba, mjinga wewe. Utacheza baadaye."

Nyati akafa, akatawala mwanawe. "Jipu la baba limeiva," akasema, akaja na fisi kuziba shimo. Wakashindilia mawe, kisha wakatega masikio wasikie kilio.

Wakasikia sala nyuma ya kilima, na bibi kizee akikaripia: "Pazeni sauti! Au bado mnavumiliwa?"